Barabara ya Himo hadi Taveta ni ya Majirani Kwanza

Basi litokalo Moshi kwenda Dar es Salaam likifika Njia Panda hukata kulia na kushika njia ya Mwanga na Same. Asiyekata kulia huendelea mashariki, akapita mji mdogo wa Himo, akaiacha kushoto barabara inayopanda Marangu na Rombo, akateremka Holili, kisha akavuka mpaka na kuingia Taveta, nchini Kenya. Ni kilomita zipatazo 20 tu. Katika mipango ya serikali na wafadhili, kipande hiki hakisimami peke yake. Kimo ndani ya ushoroba wa Arusha, Holili, Taveta na Voi, mradi uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2013, na shabaha kubwa ya ushoroba huo ni kuipa kaskazini ya Tanzania njia ya mkato kwenda bandari ya Mombasa. Shabaha hiyo ina maana: kutoka Moshi hadi Mombasa kwa kupitia Voi ni kama kilomita 300, ilhali kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 550. Hata hivyo, nadhani tumekiangalia kipande hiki kwa macho ya mtu anayekipita tu. Kazi yake ya kwanza, iliyo ya zamani kuliko lami na kuliko mpaka wenyewe, ni kuwakutanisha watu wa miji miwili wanaolishana. Tukikubali hivyo, maamuzi mengi yanayokihusu itabidi yabadilike, kuanzia mahali fedha zinapowekwa hadi karatasi anayodaiwa mwanamke mwenye ndoo mbili za nyanya.

Tuanze na umri wa ujirani huo. Karne ya 19, misafara iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro na kuendelea Umasaini ilikatiza nyika kavu ya Taru na Taita, na mahali ilipopata nafuu ni Taveta, kwenye msitu wa mto Lumi, palipokuwa na maji, kivuli na chakula cha kununua. Wageni wa Ulaya waliofuata njia hizo hizo, Joseph Thomson mwaka 1883 na kabaila Teleki miaka michache baadaye, walipiga kambi hapo kwa sababu wenyeji walikwisha kupafanya mahali pa kupumzikia na kujiwekea akiba ya safari. Juu kidogo, kwenye miteremko ya mlima, Wachaga walikuwa na masoko yao yaliyoendeshwa na wanawake, ndizi na maharage yakibadilishwa kwa vitu vya tambarare. Hapakuhitajika ushoroba wowote ili mtu wa mlimani na mtu wa bondeni wajuane. Walijuana kwa sababu mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake hakuwa nacho, na mwendo wa kutoka kwa huyu hadi kwa yule ulikuwa wa siku moja kwa miguu.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana eneo hili, na maneno ya mapatano yao yanafaa kukumbukwa na kila anayepanga barabara hii leo. Mstari ulitakiwa kutoka pwani, mdomoni mwa mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, uvuke Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga kabla ya kuzunguka mlima kwa kaskazini. Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima Kilimanjaro haina ushahidi, ingawa inasimuliwa mno. Kilichoupinda mpaka ni mvutano wa mikataba: Wajerumani walikuwa na yao kwa machifu wa Uchagani, na Mwingereza Harry Johnston alikuwa amejipatia yake Taveta mwaka 1884. Kwa hiyo waliochora walijua kabisa kwamba hapa pana majirani wawili wanaotajika kwa pamoja. Waliwatambua, wakapitisha mstari katikati yao. Mengi yanayowasumbua watu wa Himo na Taveta mpaka leo yanatokana na hapo: maisha yao ni mamoja, lakini maamuzi juu yake hufanywa katika miji mikuu miwili iliyo mbali.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, mpaka huo ukawa uwanja wa mapigano. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka na kuikalia Taveta, na Waingereza hawakuirudisha mpaka Machi 1916, baada ya kushindwa vibaya katika kilima cha Salaita mwezi Februari; siku hizo hizo za Machi walipigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata. Ili kulisha jeshi lao, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau hadi Taveta, wakaiunganisha na reli ya Usambara huko Kahe. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha ikapata kazi nyingine, ya kuivuta kahawa ya Kilimanjaro kuelekea Mombasa, na kazi hiyo nayo ilipofifia, reli ikalala. Hili ni fundisho la kwanza ninalolichukua hapa: miundombinu iliyowekwa kwa ajili ya shabaha ya mbali huishi kadiri shabaha hiyo inavyoishi. Jeshi likihama au kahawa ikishuka bei, kinachobaki ni vyuma. Watu wa pande mbili, ambao hakuna aliyewajengea reli, waliendelea kuvuka kwa miguu muda wote huo.

Ushahidi mzito zaidi ni wa miaka ya 1977 hadi 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inavunjika, Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983, baada ya mapatano juu ya kugawana mali za jumuiya. Kwa karibu miaka saba barabara ya Himo hadi Taveta ilikuwa kisheria haina mwisho. Kama kweli uhai wake ulitegemea mizigo ya bandari na mabasi ya masafa marefu, basi ungetoweka. Haukutoweka. Ulihamia porini. Ilikuwa miaka ya uhaba mkubwa Tanzania. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, na vingi vilivyopatikana mikoa ya kaskazini vilivuka kutoka Kenya usiku kwa njia za panya. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, na waliokamatwa maeneo ya mpakani hawakuwa wote matajiri wenye maghala. Mahitaji ya nyumbani yalikuwa yamewafanya watu wa kawaida kuwa wahalifu katika njia ambayo bibi zao waliipita mchana kweupe. Mpaka ulipofunguliwa, biashara haikuhitaji kuanzishwa upya. Ilitoka tu vichakani ikarudi barabarani.

Jumuiya mpya ilikuja na ahadi kubwa. Mkataba wake ulitiwa saini Novemba 1999, Umoja wa Forodha ukaanza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Mwaka 2016 kituo cha huduma za pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa rasmi, na utaratibu wake ni mzuri: anayeingia Kenya husimama mara moja tu, Taveta, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja, anayeingia Tanzania husimama Holili. Upande wa Kenya, barabara ya Mwatate hadi Taveta, karibu kilomita 90 zilizokuwa za vumbi kwa miaka mingi, ikawekwa lami. Sitaki mtu yeyote anielewe kuwa napuuza hayo. Anayekumbuka hali ya Mwatate wakati wa mvua anajua lami ile imeokoa maisha na mazao. Ninachosema ni kwamba ukiitazama orodha ya kazi zilizofanywa kwa fedha za ushoroba, utaona inamlenga nani. Tanzania ilipanua kilomita 14 za Sakina hadi Tengeru kuwa njia nne, ikajenga barabara ya mchepuo wa Arusha yenye kilomita 42. Kenya iliweka lami hadi mpakani, ikajenga mchepuo wa kuuzunguka mji wa Taveta. Michepuo ina faida yake, maana lori zito halifai kupita katikati ya soko. Lakini mchepuo, kwa tabia yake, ni barabara ya asiye na haja na mji. Kazi za majina makubwa zilikuwa za kumwezesha msafiri asichelewe mjini, na aliye mjini hakupata uzito kama huo.

Mei 2020 tulioneshwa waziwazi nani anatangulia. Katika kupambana na korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza tarehe 16 ya mwezi huo kusitisha watu kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania, isipokuwa magari ya mizigo, ambayo madereva wake walitakiwa kupimwa kwanza. Sababu ya kiafya ilikuwepo na siijadili hapa. Naangalia tu mpangilio wa mawazo uliojitokeza pale palipobidi kuchagua cha kuacha na cha kubakiza. Lori lilionekana ni la lazima. Mama anayevuka na mkungu wa ndizi alionekana anaweza kusubiri. Hakuna aliyeketi kutafuta namna mizigo midogo ingeweza kukabidhiwa mpakani bila watu kugusana, jambo linalowezekana kabisa kwa mji wenye soko la siku maalumu, kwa sababu katika hesabu za wakubwa mizigo hiyo haikuwamo.

Hapo ndipo soko la Taveta linapodai nafasi yake katika hoja hii. Siku zake kuu ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo barabara kutoka Himo hubadilika tangu alfajiri: bodaboda zenye magunia, noah na pikapu zilizojaa mpaka mlangoni, wanawake waliochangishana nauli ya kukodi gari moja na kuweka mizigo yao pamoja, vijana wa mikokoteni wakingoja wateja. Kutoka Tanzania huja mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, viazi, matunda. Kutoka Kenya hurudi bidhaa za viwandani na za dukani. Wachuuzi wa Mombasa na Voi hufika hapo kununua, kwa hiyo nyanya iliyochumwa jana kwenye mteremko wa Kilimanjaro inaweza kuwa jikoni Mombasa kesho. Taveta yenyewe nayo ni mkulima. Maji yanayochipuka kwenye chemchemi zake, kama zile za Njoro, asili yake ni mvua na ukungu wa mlima ulio upande wa Tanzania, na kwa maji hayo Wataveta hulima ndizi na mboga katikati ya kata kavu. Ziwa Chala, lililo juu kidogo, limekatwa na mpaka katikati. Hata mazingira hayakugawanyika sawasawa na ramani. Majirani hawa wanatumia mlima mmoja, mmoja akiwa ameshika mteremko na mwingine akipokea chemchemi.

Sababu za biashara hii kudumu zinaeleweka. Kenya kwa miaka mingi haijajitosheleza kwa mahindi, na kaskazini ya Tanzania ni jirani wa karibu mwenye ziada. Bei za pande mbili hazipandi wala kushuka kwa pamoja, kwa sababu mvua, sarafu na sera ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo riziki ya mchuuzi. Mkulima wa Rombo mwenye magunia manne hawezi kukodi lori la kwenda Dar es Salaam. Anaweza kuyafikisha Taveta asubuhi na akarudi na fedha mkononi kabla ya magharibi. Kwa mtu wa hali hiyo, kilomita 20 hizi ni soko lote la dunia analoweza kulifikia kwa mtaji wake. Na uhusiano hauishi kwenye chakula. Mgonjwa wa Taveta anayehitaji hospitali kubwa ya rufaa ana KCMC mjini Moshi, umbali wa chini ya kilomita 50, ilhali Voi ni zaidi ya kilomita 100. Familia za Wachaga, Wapare, Wataveta, Wataita na Wakamba zimeoana katika ukanda huu kiasi kwamba msiba wa Himo huwa na wafiwa wa Taveta, na kinyume chake.

Biashara ya namna hii ina adui mmoja mkubwa, nao ni uamuzi wa ghafla. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaondoa katazo hilo kwa masharti: waagizaji wajisajili, shehena iwe na cheti cha kuonesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni, na itajwe mahindi yametoka wapi. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaharibu ini na kuua, na nchi ina haki ya kujikinga. Lakini tazama masharti yanavyomwangukia kila mmoja. Mwenye tani 30 hulipia kipimo kimoja na kuigawanya gharama kwa tani zote 30. Mwenye gunia moja anadaiwa kipimo kile kile kwa gunia moja. Sheria imeandikwa kwa lori, na anayetembea kwa miguu analazimika kuchagua kati ya kuacha biashara au kupita porini. Julai 2025 Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwamo kununua mazao shambani. Iwapo mnunuzi wa Kenya haruhusiwi kumfuata mkulima shambani, basi mahali halali pa wao kukutana ni sokoni, na barabara ya kwenda sokoni imekuwa muhimu zaidi ya ilivyokuwa kabla ya amri.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni magendo. Watasema ukimlegezea mwenye ndoo, umemfungulia mlango mwenye shehena ya haramu. Naomba tutenganishe mambo mawili. Ndizi, nyanya na mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayadaiwi ushuru wa forodha yanapovuka kutoka nchi mwanachama hadi nyingine. Kwa hiyo mama anayepita porini na nyanya hajakwepa ushuru, amekwepa usumbufu. Kosa lake ni la karatasi. Magendo yenye madhara ni mengine: sukari iliyoingizwa kutoka nje ya Jumuiya bila kulipiwa, pombe kali zisizo na stempu, mirungi ambayo Kenya ni zao halali na Tanzania ni dawa za kulevya. Vitu hivyo husafiri kwa wingi, na huhitaji gari na mtandao wa watu. Ofisa anayetumia asubuhi yake kubishana na wenye ndoo amejinyima muda wa kuyakagua magari, na mchuuzi aliyezoeshwa kujificha hataweza kumwambia ofisa nani alipita usiku. Miaka ya 1977 hadi 1983 ilionesha kwamba ukibana njia halali, biashara haramu ndiyo inayopata wafanyakazi.

La pili ni la bandari. Tanzania imetumia shilingi zaidi ya bilioni 400 kuipanua bandari ya Tanga, ikiwa ni pamoja na kuongeza kina chake, na kuna wanaouliza kwa nini tuihudumie barabara inayopeleka mizigo yetu Mombasa. Swali hili lina uzito, na lingekuwa na uzito zaidi kama ningekuwa naitetea barabara hii kwa ajili ya makontena. Siitetei kwa hilo. Makontena yana uhuru wa kukata kulia Njia Panda na kwenda Tanga, na kama Tanga itakuwa nafuu na ya haraka, wenye mizigo watakwenda bila kulazimishwa. Mkungu wa ndizi wa Marangu hauendi Tanga kupakiwa melini. Unakwenda Taveta kuliwa. Wanaopinga kwa hoja ya bandari wamekubali bila kujua dhana ile ile ninayoipinga, kwamba barabara hii haina kazi nyingine ila kuelekea baharini.

La tatu ndilo gumu, nalo ni fedha. Tanzania ina vijiji vingi visivyopitika masika, na Kaunti ya Taita Taveta ina kata zinazokosa maji ya kunywa. Kwa nini barabara iliyokwisha kupata lami ipewe zaidi? Jibu langu ni kwamba mengi yanayohitajika hapa hayagharimu fedha nyingi, na ndiyo maana ni aibu kuyachelewesha. Soko linapokutana siku mbili kwa juma, si vigumu kupanga dawati la cheti cha asili ya bidhaa lenye watu wa kutosha kwa siku hizo, tangu alfajiri. Utaratibu wa Jumuiya tayari unamruhusu mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kutumia cheti kilichorahisishwa. Kinachotakiwa ni cheti hicho kimfikie mtu pale anapopakia mzigo, Himo au Mwika, badala ya yeye kukitafuta akiwa tayari foleni. Kipimo cha sumukuvu kinaweza kufanywa kwa ghala la pamoja, kikundi kikipimiwa mahindi yake yote kwa mara moja, na risiti moja ikawatosha wote. Hayo ni mambo ya ratiba na nia.

Lililo la fedha ni usalama wa wanaotembea. Barabara inayobeba malori ya masafa marefu pamoja na wanawake wenye mizigo kichwani na bodaboda zilizozidishiwa magunia, tena alfajiri kabla jua halijachomoza, inahitaji njia ya waenda kwa miguu iliyotenganishwa na lami kwa urefu wake wote, kutoka Himo hadi mpakani na kutoka mpakani hadi sokoni, na inahitaji taa mahali pa kushushia mizigo. Kazi hiyo iingizwe katika bajeti ya upanuzi wowote utakaofanywa, ikiwa sehemu ya mradi tangu siku ya kwanza, isiachwe kuwa nyongeza itakayokatwa fedha zikipungua. Tunajua kinachotokea kwa nyongeza.

Kuna suala la kitambulisho pia. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikujiunga na utaratibu huo, na Itifaki ya Soko la Pamoja inaliacha jambo hili kwa nchi zilizokubaliana. Zipo sababu za kiusalama zinazotolewa, na kwa nchi nzima mjadala unaweza kuendelea. Kwa mkazi wa wilaya ya mpakani, anayejulikana na mwenyekiti wa kijiji chake na kuvuka kila juma, sioni sababu ya kumdai hati ile ile anayodaiwa mtu aendaye ng'ambo. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina alama za vidole. Kibali cha ukaazi wa mpakani kinaweza kujengwa juu yake, kikiishia mipaka ya Taveta kwa huyu na Rombo na Moshi kwa yule. Ofisa atamjua anayevuka kuliko anavyomjua sasa, maana anayepita porini hajulikani kabisa.

Na haya yote yataendelea kubishaniwa gizani mpaka tutakapohesabu. Takwimu za forodha hunasa kilichoandikishwa, kwa hiyo zinaonesha malori na kuficha ndoo; kisha mpangaji husoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba barabara ni ya malori. Uganda iliuona mtego huu mapema. Idara yake ya takwimu na benki kuu zimekuwa zikifanya utafiti wa biashara isiyo rasmi mipakani tangu miaka ya 2000, kwa kuweka watu wa kuhesabu wanaopita na walichobeba, na matokeo huingia katika hesabu za taifa. Tanzania na Kenya zinaweza kufanya hivyo Holili na Taveta kwa pamoja, kwa mwaka mzima, siku za soko na zisizo za soko, majira ya mavuno na ya njaa. Nina hakika hesabu hiyo itawashangaza watu wa wizarani kuliko watu wa Himo.

Halmashauri za Rombo na Moshi na serikali ya Kaunti ya Taita Taveta hazina haja ya kungoja Dodoma wala Nairobi ili kuanza. Zinaweza kukaa meza moja, kupatana juu ya siku za soko, maeneo ya maegesho, ushuru wa soko usiotozwa mara mbili, na ratiba ya pamoja ya maofisa, kisha kupeleka madai ya barabara na ya kibali cha mpakani kwa wenye mamlaka zikiwa na sauti moja. Wabunge wa pande zote mbili wana kura za watu hawa. Na mawaziri wa ujenzi na wa biashara wa nchi hizi mbili, kabla ya kutia saini mradi mwingine wa ushoroba, nawaomba wafike Holili Jumatano au Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bila msafara, wawaulize wanaovuka wanataka barabara gani.